Mzani wa Jivraj

Mimi ndiye niliyeshika mzani dukani kwa Jivraj,
Tabora, miaka kumi na mmoja.
Jiwe la ratili kumi lilitobolewa chini, likajazwa risasi.
Sikulijaza mimi.
Mimi nililipangusa tu kila asubuhi.

Mlekwa hakupita mlango wa mbele.
Alibisha uani, usiku wa manane, kwa kucha,
kama panya anayeomba ruhusa.
Siku tisa kwa miguu kutoka mto Ugalla,
na harufu yake ilitangulia kuingia:
moshi, asali chachu, ngozi ya fisi maji isiyokauka vizuri.

Serikali ilikwisha kulifunga pori.
Malale, walisema. Mbung'o wanamaliza watu.
Wakahamisha vijiji, wakapanga nyumba kwa kamba,
na atakayerudi kule awe na kibali
chenye muhuri, akishike mkononi.
Mlekwa akasema ana mikono miwili,
mmoja wa shoka, mmoja wa kijinga cha moto.
Kibali akishike kwa meno?

Alikwenda na chumvi ya Uvinza, sindano, kaniki pande mbili.
Alirudi na nta.
Katikati palikuwa na maisha ambayo hakutuuzia.
Siku moja alitaja jina, Nyamizi, akajikohoza.
Siku nyingine alikuja na kaptura iliyoshonwa kwa uzi wa kano,
mishono midogo midogo, ya mtu mwenye subira naye.
Mkewe wa Isevya aliiona. Hakuuliza.
Aliifumua yote, akashona upya kwa uzi wa dukani.

Kule, alisema, yuko segu,
ndege anayekuita mti hadi mti mpaka penye nyuki,
na usipomwachia sega lake
safari ya pili atakufikisha kwa chui.
"Leseni ninayoijua ndiyo hiyo,
na ushuru wake nalipa palepale."

Naye alitupunja, tusimfanye malaika.
Ndani ya donge la nta alitia kokoto,
mara moja kichwa kizima cha shoka bovu.
Tukiyeyusha, kitu kinagonga chini ya pipa: ngo!
Jivraj anacheka, ananitazama mimi, analitazama jiwe.
Kati ya risasi yetu na kokoto zake
nadhani bei ilikaribia haki.

Mwaka wa nzige walimkamata karibu na Ipole.
Miezi minne, kuchimba barabara.
Alipotoka, Bwana Shauri akampa kibali,
maana njia za kule hakuna mwingine aliyezijua.
Karani akamsomea: ngozi ngapi, nta ngapi,
tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka.
Mlekwa akabonyeza dole gumba.

Wiki ile alikuja mchana, mlango wa mbele,
na donge moja, akiba ya uvunguni kwa mkewe.
Ratili sita kwa jiwe letu.
Alipokea pesa bila kuhesabu, jambo ambalo lilinitisha.
"Hilo liyeyushe peke yake," akasema,
akashika njia ya Sikonge.

Hakuna kilichogonga.
Nikakoroga. Kijiti kikanasa karatasi
iliyokunjwa mara nne, imeshiba nta, inang'aa.
Muhuri upo. Dole gumba lipo, mistari yote,
kama kisiki kilichokatwa jana.
"Ametuuzia serikali," alisema Jivraj, "kwa bei ya nta."

Hakurudi. Wengine wanasema simba.
Muuza tumbaku wa Inyonga alisema aliona mahali
watoto watatu wenye pengo kama lake,
lakini yule alikuwa mtu wa kusema.

Mchwa wamekula vitabu vya Jivraj,
wamekula cheti changu cha ndoa.
Karatasi ile hawaigusi. Maji huteleza juu yake.
Inasomeka vizuri hata kwa macho haya:
mwenye kibali hiki atoke porini
kabla ya tarehe thelathini Juni.